Oili Iliyopanda Juu ya Alama

Kila asubuhi, kabla hata hajaosha uso, Mjomba Zintambila alikuja kupima oili ya mashine yake ya kusaga. Alikuja na kitambaa alichokichana kwenye mfuko mweupe wa unga, akachomoa kile kijiti cha chuma kinachozama ndani ya injini, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kukitazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga ndege. Waliotengeneza injini walikuwa wamekichora alama zao mbili, lakini Zintambila hakuwaamini watu asiowajua. Alikuwa amekwaruza alama yake mwenyewe kwa msumari.

"Hapa," alimwambia Wedison siku alipoikwaruza. "Nimejaza mwenyewe, nimepima mwenyewe. Siku oili itakaposhuka chini ya hapa, usingoje nikueleze. Kunja mkeka wako urudi kwenu Ntcheu, ukawaambie wazee wako kwamba Dedza watu wana macho."

Wedison alikuwa mume wa Falesi, mpwa wake Zintambila, na alikuwa mkamwini, yaani mwanamume aliyekuja kuishi kijijini kwa mkewe. Mkamwini hana chake. Nyumba ni ya mke, watoto ni wa ukoo wa mke, shamba limegawiwa na mjomba wa mke. Chake ni ule mkeka aliokuja nao kwapani, na hata huo wakwe huuhesabia siku. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Zintambila hakuwa na subira na wahenga: yeye alisema toka waziwazi, kila Jumatatu, mbele ya wateja.

Falesi aliyasikia hayo akiwa juu ya kigoda, beseni la mahindi mikononi. Yeye ndiye aliyemimina mahindi kwenye mdomo wa mashine, na mumewe ndiye aliyezungusha hendeli ya kuwashia injini. Kazi ilikuwa yao wawili. Mali ilikuwa ya mjomba. Na lawama, kama kawaida ya lawama, ilikuwa ya mkamwini.

Januari hiyo njaa ilikuwa imeshaingia majumbani. Maghala yalikuwa yamebaki na panya na matumaini, na mvua ya ukungu ilishuka kutoka mlimani asubuhi hadi jioni. Wanawake waliokuwa wakija na magunia sasa walikuja na sahani, mmoja sasa hivi, mwingine baada ya saa nzima. Hapo ndipo Zintambila alipotoa amri yake.

"Dizeli yangu haisagi hewa," alisema. "Akija mmoja, washa, saga, zima. Akija mwingine, washa, saga, zima."

"Mjomba," Wedison alisema kwa adabu, macho chini, "zamani tulisubiri wafike watano sita, tukasaga mfululizo. Injini haipendi kuzimwa kabla haijapata moto. Ni kama nsima. Ukitia unga kwenye maji ambayo hayajachemka..."

"Mnamsikia?" Zintambila aliwageukia wanawake. "Tulimwoza Falesi mume, kumbe tumeletewa mpishi."

Wanawake walicheka, maana mwenye mashine akitania ni lazima ucheke, usije ukasagiwa unga wenye chenga. Tangu siku hiyo Wedison alizungusha hendeli mara ishirini, mara thelathini kwa siku. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikasaga sahani moja, ikazimwa kabla hata bomba lake halijakauka umande. Usiku aliomba mkewe amsimamie mgongoni kwa miguu.

*

Wiki ya tatu, Zintambila alichomoa kijiti, akakitazama kwa jicho la kulia, kisha kwa la kushoto, kisha kwa yote mawili.

Oili ilikuwa imepanda. Unene mzima wa kidole, juu ya alama ya msumari.

Mwaka mzima alikuwa ameyapanga maneno ya siku oili itakaposhuka. Kwa oili iliyopanda hakuwa na hata neno moja.

"Umetia nini humu?" hatimaye alimwuliza Wedison.

"Sijatia kitu, Mjomba."

"Umeiba oili, ukajaza maji ili nisijue!"

"Maji yangeonekana. Oili ingekuwa nyeupe kama uji."

"Unanifundisha?"

Zintambila alikuwa na kipimo chake cha maji, alichofundishwa zamani na dereva wa lori. Alichota oili kijiko kimoja akaenda nayo jikoni kwa mama yake, Bibi Nagama, ambaye alikuwa anachoma viazi. "Ikiwa na maji italia chwaa," alisema, akainama juu ya makaa ili asikie vizuri, akaimimina.

Haikulia chwaa. Ilisema *buf*, ulimi wa moto ukaruka juu, na Zintambila alipoinua kichwa nyusi yake ya kushoto ilikuwa imekwenda.

"Haikulia," alisema, akipapasa paji la uso. "Hakuna maji."

"Oili haikulia," Bibi Nagama alikubali, akigeuza kiazi. "Kilicholia kitakua tena baada ya mwezi. Endelea kupima, mwanangu, bado una nyusi moja."

Mtu mwingine angeaibika. Zintambila alikwenda nyumbani akakaa kitini akifikiri, na alipoinuka alikuwa na jibu. Si wizi, si maji. Basi ni baraka. Yeye ni mzee wa kanisa, sadaka zake hazijawahi kuchelewa, na Mungu ameamua kumwongezea katika chombo kile kile alichokilinda kwa uaminifu. Jumapili hiyo alisimama mbele ya waumini, nyusi moja, akashuhudia jinsi oili inavyozidi ndani ya injini iliyofungwa. Kina mama walipiga vigelegele. Hata Wedison, kule nyuma wanakokaa wakamwini, alijikuta anapiga makofi.

Kuanzia Jumatatu kila ilipopanda aliichota hadi ifike kwenye alama, akaitia chupani. "Ziada ni ya mwenye mali," alisema. Chupa zilijipanga dirishani kwake, moja, mbili, tatu. Ya nne akampelekea Nyakwawa, mkuu wa kijiji, kwa ajili ya pikipiki yake, pamoja na maelezo marefu ya wapi ilikotoka. Nyakwawa hakuwa mtu wa kukataa kitu cha bure, sembuse cha mbinguni.

*

Falesi hakushuku chochote kanisani. Alishuku jikoni.

Vile vitambaa Mjomba alivyofutia kijiti alivitupa chini kila asubuhi, na Falesi aliviokota, maana kijijini hakitupwi kitu. Vya miezi ya nyuma alikuwa amezibia nyufa za dirisha, upepo usimpige mtoto wao, Tiyamike. Vya Januari, kwa kuwa dirisha lilishajaa, alivisokomeza chini ya kuni.

Majirani wote walikuwa wanalia na kuni mbichi. Esinati wa nyumba ya pili alipuliza moto tangu alfajiri hadi macho yakawa mekundu kama ya mlevi. Falesi alichomeka kitambaa kimoja, akagusa kwa kibiriti, na kabla hajarudisha kijiti cha kibiriti mezani moto ulishapanda. Wiki nzima alijisifu moyoni kwamba amekuwa fundi wa kuwasha moto. Kisha siku moja kitambaa kimoja cha dirishani kikaanguka, akakitumia hicho. Kikafuka. Akakiwasha tena. Kikajikunja, kikanuka, kikazima.

Akachomoa kingine cha dirishani na kimoja cha Januari, akatoka navyo mlangoni kwenye mwanga. Cha zamani kilikuwa na doa jeusi, dogo, lililokaa palepale lilipowekwa. Cha Januari kilikuwa na doa jeusi katikati, na kuzunguka doa hilo duara pana la rangi ya chai ya rangi, lililotambaa hadi ukingoni. Akakinusa. Akakaa chini kizingitini.

"Baba Tiyamike," alimwita mumewe. "Njoo unuse baraka ya Mjomba."

Wedison alinusa, akatazama pembeni. Falesi alimfahamu mumewe vya kutosha kujua maana ya kutazama pembeni.

"Ulikuwa unajua!"

"Nilikuwa nahisi. Oili imekuwa nyepesi, ukiisugua kidoleni haina utelezi. Ni dizeli, mama. Injini ikiwa ya baridi haiunguzi dizeli yote. Inayobaki inateleza ukutani mwa silinda, inapita kwenye ringi za pistoni, inadondokea chini kwenye oili. Zamani tulipokuwa tunasaga mfululizo joto liliitoa kama mvuke. Sasa haitoki. Leo kijiko, kesho kijiko."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Kwa mara ya kwanza tangu nikuoe mjomba wako hanusi mikono yangu nikitoka kazini. Oili ikipanda mimi nalala usingizi. Iache ipande."

"Na oili ikishakuwa dizeli tupu?"

Wedison alikuna kisogo. "Itashindwa kubeba chuma. Bering zitakwisha. Injini itanoki, ife."

"Na ikinoki atalaumiwa nani? Malaika?"

Wote wawili waliutazama mkeka uliokuwa umetandikwa ndani. Falesi alihisi hasira, halafu huruma, halafu hasira tena. Oili ikishuka, mumewe anafukuzwa. Ikipanda hadi injini ife, anafukuzwa. Na akimwambia mjomba ukweli, itakuwa mkamwini amemtuma mkewe kuitukana baraka ya mzee wa kanisa. Mwanamume huyu hakuwa na mali wala maneno, lakini katika miaka minne hakuwahi kumwinulia mkono wala sauti, na usiku alimbembeleza mtoto ili yeye alale. Falesi hakuwa tayari kumtoa kwa ajili ya kijiti cha chuma.

"Vitambaa hivi," alisema akivikunja, "sitavichoma tena."

*

Wiki iliyofuata lilikuja lori la mahindi ya msaada. Kila kaya ilipata gunia moja, na asubuhi ya Alhamisi foleni ya wanawake ilitoka kwenye mashine ikafika kisimani. Hata Zintambila hakuweza kusema zima.

Injini iliwashwa saa moja asubuhi, ikazimwa jua lilipokuwa linazama. Saa ya kwanza ilikohoa kama kawaida. Saa ya pili ilianza kuunguruma kwa sauti nene ambayo Falesi alikuwa ameisahau. Moshi wa bomba ukatakata, na kwenye kile kitundu cha pembeni ambako injini hupumulia ukaanza kutoka mvuke wenye harufu kali ya dizeli, ukafuka mchana kutwa. Wedison alikuwa anacheka peke yake, mweupe kwa unga kuanzia kope hadi vidole.

"Inajisafisha!" alimpigia kelele mkewe. "Unaiona? Inatema!"

Falesi alifurahi pamoja naye kwa muda wa mabeseni mawili. Kwenye beseni la tatu akaacha kumimina. Alikuwa ameelewa kitakachoonekana kwenye kijiti kesho yake.

Na kesho yake, kabla hajaosha uso, Zintambila alipiga yowe lililomtoa Esinati nyumbani akiwa amejifunga kanga juu chini. Oili ilikuwa chini ya alama ya msumari. Si chini kidogo. Vidole viwili.

"Mwizi!" alisema. Sauti yake, ukiisikiliza vizuri, ilikuwa na raha ndani yake. Maneno aliyoyaandaa mwaka mzima yalikuwa yamepata siku yao. "Aliona watu wengi, kelele nyingi, akafungua akachota! Baraka ya Mungu! Kunja mkeka! Leo leo!"

"Mjomba, injini imepata joto, dizeli iliyokuwa..."

"Kunja!"

*

Mkamwini hafukuzwi barabarani kama mbuzi, kuna utaratibu. Ndoa ina wasimamizi wawili, mmoja wa upande wa mume, mmoja wa upande wa mke, na shauri lolote lazima lipitie kwao. Msimamizi wa Wedison alikuwa Ntcheu, na mto ulikuwa umechukua daraja. Msimamizi wa Falesi alikuwa Mjomba Zintambila. Basi mshitaki alikuwa Zintambila, na wa kuitetea ndoa alikuwa Zintambila, na mwenye mali alikuwa Zintambila, na hakuona ubaya wowote.

Walikaa barazani pa mashine kwa sababu ya mvua. Nyakwawa alikalia kiti pekee chenye egemeo. Wanawake waliokuja kusaga walikalia mabeseni yao, wakasahau kusaga. Wedison alikaa chini kabisa, na kwa desturi hakuruhusiwa kujisemea.

Zintambila alizungumza kirefu. Alionyesha kijiti, alionyesha alama, alionyesha hata nyusi. Mwisho alileta chupa zake tatu akazipanga mbele ya Nyakwawa kama mashahidi. "Hii ndiyo iliyokuwa inaongezeka. Na yule pale ndiye aliyeikatisha."

Nyakwawa alimgeukia Falesi. "Msimamizi wako ameshasema. Nani atasema upande wa mumeo?"

"Hakuna," Zintambila alijibu kwa niaba yake.

"Nipo mimi," alisema Bibi Nagama kutoka kwenye kona. "Huyu kijana ni mume wangu." Watu wakaangua kicheko, maana bibi na mume wa mjukuu wake ni watani, huitana mume na mke hata msibani. "Msicheke. Nyie mnamfukuza mume wa Falesi, mimi mnaniacha na nani? Na mume wangu akishitakiwa nina haki ya kusema. Ila meno yangu ni machache, kwa hiyo nitasema kwa mdomo wa mjukuu wangu. Simama, Falesi."

Zintambila alimtazama mama yake, akasogea pembeni.

Falesi alisimama. Alitoa vitambaa viwili kwenye kanga yake.

"Mjomba, hivi ni vya nani?"

"Vyangu. Ulivikuta wapi?"

"Ulivitupa. Hiki ni cha kabla ya Krismasi, ulipofutia oili kabla haijabarikiwa. Hiki ni cha Januari. Nyakwawa, naomba kibiriti."

Nyakwawa alimpa. Falesi akakishika kile cha kwanza kwa koleo, akakigusisha moto. Kikafuka moshi, kikajikunja, kikazima. Akakiinua cha pili. Moto ulikidaka kikiwa bado hakijagusana vizuri na kibiriti, ukapanda hadi kwenye koleo, na wanawake wa mbele wakasogeza mabeseni yao nyuma.

"Ee!" Esinati aliruka. "Kumbe ndiyo maana! Mimi napuliza kuni mwezi mzima mapafu yanataka kutoka, mwenzangu anapikia kwa dizeli! Na nilipokuuliza ukasema ni mkono tu!"

"Nisamehe, shoga. Hata mimi nilidhani ni mkono."

"Dizeli gani?" Zintambila alisema kwa ukali. "Chupa hizi zimekaa dirishani majuma. Kama kungekuwa na dizeli ndani ya oili si ingejitenga? Tazameni! Ni kitu kimoja, juu mpaka chini!"

"Maji ndiyo hujitenga na oili, Mjomba, kwa sababu si ndugu. Hata ukiyatikisa vipi, ukiyaacha tu kila mtu anakwenda upande wake. Maji ni mkamwini." Kicheko kilianza, akakisubiri kipite. "Lakini dizeli na oili vimetoka tumbo moja. Vikikutana vinayeyukiana, hujui nani ni nani. Utavitazama mpaka ulie, huvitenganishi kwa macho. Ni moto tu unaovijua: dizeli husikia joto mapema ikatoka, oili hubaki. Jana injini ilipata moto kutwa nzima. Nani hakusikia ile harufu?"

Wanawake walitazamana. Wote walikuwa wameisikia; unga wao wenyewe ulikuwa nayo kidogo.

"Sawa," alisema Nyakwawa polepole. "Dizeli imetoka. Ingetoka dizeli peke yake, oili si ingerudi kwenye alama? Mbona iko chini ya alama? Vidole viwili vya oili viko wapi?"

Zintambila alipiga paja. "Hapo sasa! Viko wapi?"

Bibi Nagama alikohoa. "Zintambila mwanangu. Mtu ana ndoo ya maziwa. Usiku mwenzake anatia kikombe cha maji. Asubuhi mwenye maziwa anaona ndoo imejaa kupita kiasi, anachota kikombe cha juu anasema ni ziada. Amechota nini?"

"Amechota..." Zintambila alianza, akasita.

"Maji peke yake?"

"Amechota maziwa yenye maji."

"Na akichota kila asubuhi, mwezi mzima?"

Falesi hakuhitaji kuongeza neno, lakini aliinama akagusa kifuniko cha chupa ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu.

"Vidole viwili vyako hivi hapa, Mjomba," alisema kwa upole. "Mtu pekee aliyechota oili kwenye injini ile ni wewe."

Esinati ndiye aliyeanza, na baada yake baraza zima lilicheka mpaka kuku wakakimbilia mvuani. Wedison alibaki ameinamisha kichwa, lakini mabega yake yalikuwa yanaruka. Nyakwawa peke yake hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa, anatazama chupa, anahesabu kitu.

"Zintambila."

"Nyakwawa."

"Chupa yangu ilikuwa ya ngapi?"

Zintambila alizivuta chupa zake karibu.

"Pikipiki yangu tangu Jumatano inalia kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimeipeleka kwa fundi, fundi ameniuliza nimeitilia nini. Nimemwambia baraka." Nyakwawa alisimama, akavaa kofia yake. "Mkamwini hana kesi. Utatia oili mpya kwenye injini, utatia mpya kwenye pikipiki yangu, na mashine isiwashwe mpaka wafike watu watano. Hiyo ya chupani ukamtolee ushuhuda fundi."

*

Kwa watu wengine shauri lingeishia hapo. Lakini Zintambila alikuwa hajasema samahani. Alipokuwa anakusanya chupa zake alisema tu, bila kumtazama mtu, "Haya, kesho awahi kazini."

Falesi alilisikia neno hilo, akalala nalo.

Asubuhi alikunja mkeka wa mumewe, akaufunga kwa kamba ya katani, akausimamisha nje ya mlango mahali pa kuonekana na kila apitaye njiani. Kisha akamwekea Wedison viazi na chai.

"Kula taratibu," alisema. "Leo unaumwa mgongo."

"Siumwi."

"Unaumwa, Baba Tiyamike. Kaa chini."

Kwenye mashine watu watano walifika, kisha kumi. Zintambila alitia oili mpya, akapima, akangoja. Hatimaye alivua koti, akashika hendeli mwenyewe. Mpaka nyumbani kwa Falesi zilisikika sauti za wanawake wakimhesabia: moja, mbili, tatu. Kwenye ya saba hendeli ilimpiga teke la kiganja, hesabu ikaanza upya. Kwenye duru ya tatu hakuna aliyehesabu tena. Walikuwa wanamwonea haya.

Alikuja kwa miguu, jasho likimtiririka, mkono mmoja kwapani. Alisimama mbele ya mkeka.

"Huu ni wa nani?"

"Wa mkamwini wako, Mjomba," Falesi alisema akipiga goti kwa heshima zote. "Ulisema oili ikishuka chini ya alama asingoje kuelezwa. Ilishuka. Sisi ni watu wa kushika neno."

Zintambila alimtazama mpwa wake. Alitazama ndani, akamwona Wedison na kiazi mkononi, mdomo umejaa, haelewi ainuke au ameze. Kule chini kwenye mashine wanawake walikuwa wamesimama juu ya mabeseni ili waone. Mzee wa kanisa akainama. Mkono ulikuwa unamuuma, fundo la katani lilikuwa limekazwa kisawasawa, na Falesi hakumsaidia. Alipolifungua, akaubeba mkeka ndani, akautandika palepale ulipokuwa, akaunyoosha na ncha kwa kiganja kizima.

"Mkwe," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "watu wanasubiri unga."

Wedison alimeza kiazi. Injini iliitikia mara ya kwanza tu alipoizungusha, na siku hiyo haikuzimwa hadi beseni la mwisho.

Asubuhi iliyofuata Falesi alikwenda mapema akakiokota kitambaa cha mjomba, bado kibichi. Akakichomeka chini ya kuni, akawasha kibiriti. Kikafuka, kikajikunja, kikazima. Akawasha kingine. Moshi ulijaa jikoni, ukamwingia machoni, akapiga magoti akapuliza na kupuliza kama wanawake wenzake wote wa kijiji kile.

"Oili haiwaki?" Esinati alimwuliza kutoka uani kwake.

"Haiwaki, shoga!" Falesi alijibu, machozi yakimtoka, akicheka kwa sauti. "Imekataa kabisa!"